Uko Huru, Vossikka?

Mume wangu Miitrei Hokkinen alikuwa mwoga. Simsengenyi, mwenyewe alikuwa akikubali. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa barafu ya ghuba hata katikati ya baridi kali, wakati wenzake walikuwa wakivusha magogo juu yake bila wasiwasi. Alimwogopa na mama yangu, na hapo simlaumu. Kitu kimoja tu hakukiogopa, nacho ni abiria. Mpandishe kwenye kiti cha gari lake, mpe hatamu, utamsikia anamtania hata kasisi.

Alikuwa vossikka, yaani mwendesha gari la farasi la kukodi, mjini Viipuri, mji wa Wafini karibu na mpaka wa Urusi. Neno vossikka ni la Kirusi. Kwao ni refu na lina sauti za kukwaruza, sisi tukalikata kichwa na mkia tukabaki na kipande kinachoenea mdomoni. Viipuri ndivyo tulivyokuwa. Mwenye nyumba wetu aliongea Kiswidi, mwenye duka la dawa Kijerumani, maofisa wa mfalme wa Urusi Kirusi chao, na sisi wengine Kifini, tena Kifini cha huko kwetu mashariki, ambacho watu wa magharibi walikicheka. Mtoto wa mtaani kwetu alikuwa akitukana kwa lugha nne kabla hajaota meno yote.

Sasa sikiliza kazi ya kijiweni ilivyokuwa, maana jambo lote liko hapo. Abiria akija anauliza neno fupi, kwa Kifini ni "Onko vapaa?" Maana yake, uko huru? Huna mtu garini? Nawe unajibu "Vapaa," huru, anapanda, mnaondoka. Mwenye lugha nyingine anauliza kwa yake. Lakini vossikka hodari hangoji kuulizwa. Anaangalia nguo. Mama mwenye glavu za ngozi anajibiwa Kiswidi, bwana mwenye kofia ngumu anajibiwa Kijerumani, na koti refu la kijivu lenye vifungo vya dhahabu linajibiwa Kirusi: "Svoboden." Miitrei aliifanya kazi hiyo miaka mingi hadi ikaacha kupita kichwani. Jicho likiona kifungo, mdomo unafunguka.

Nilikuwa nikimcheka. "Wewe hujibu watu, unajibu makoti. Iko siku nitavaa koti la ofisa nije kijiweni nikuone."

"Njoo," akasema. "Nitakujibu Kirusi, halafu nikupeleke moja kwa moja kwa mama yako."

Basi ikaja ile vita yetu ya wenyewe kwa wenyewe, Wekundu waliosaidiwa na Warusi, na Weupe waliowapinga, mwaka wa kumi na nane. Viipuri ilikuwa mikononi mwa Wekundu tangu baridi. Miitrei hakuwa wa huku wala wa kule, alikuwa wa farasi wake. Alimficha kwenye banda la kuni nyuma ya nyumba, akalala naye humo, asije mtu akamchukua kwa ajili ya vita. Mwishoni mwa Aprili Weupe wakaja na mizinga. Tulikaa chini sakafuni usiku na mchana, vioo vyote vimevunjika, na Miitrei amenishika mkono kwa nguvu hadi ukafa ganzi. Halafu asubuhi moja kukawa kimya. Kimya kile kilinitisha kuliko mizinga.

"Leo hutoki," nikamwambia. "Hata mlangoni."

"Nani anataka kutoka?" akasema.

Na asingetoka. Ila Hilma wa chumba cha jirani alishikwa na uchungu, mimba yake ya kwanza, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Alikuwa anapiga yowe mpaka ukuta unatetemeka. Mkunga alikaa ng'ambo ya daraja. Mume wa Hilma hakuonekana tangu mizinga ianze. Nilimwangalia Miitrei, naye akaniangalia. Uso wake ulikuwa mweupe kabisa. Alikwenda bandani akafunga farasi.

Tulimfikisha Hilma salama. Njiani hatukukutana na mtu hata mmoja, isipokuwa wale waliolala chini, na hao sikuwaangalia. Mkunga alimpokea mlangoni, akatufukuza. Tukageuza gari kurudi nyumbani, mimi nimeketi nyuma mahali pa abiria, shali kichwani, namwambia Miitrei asiende mbio, asiende polepole pia, aende kama mtu asiye na neno. Nilikuwa nimeanza kupata pumzi.

Pale kwenye kona ya soko akatokea mtu kwenye lango la nyumba, akainua mkono. Alikuwa mkubwa, amechoka, amefunga kitambaa cheupe mkononi, alama ya Weupe, kama wote walioingia mjini asubuhi ile. Lakini alikuwa amevaa koti la ofisa wa Kirusi. Refu, la kijivu, vifungo vya dhahabu safu mbili. Sijui alimvua nani. Kulikuwa na baridi, na la kwake labda lilikuwa limeloa.

"Onko vapaa?" akauliza, Kifini safi cha magharibi.

Na mume wangu, juu ya kiti chake, hatamu mkononi, akajibu koti.

"Svoboden," akasema. Tena akagusa kofia.

Nililisikia lile neno likienda mtaani, likigonga kuta. Yule mtu aliteremsha mkono wake polepole.

"Umesemaje?"

Ndipo Miitrei alipoelewa, niliona mgongo wake unavyonywea.

"Amesema vapaa, bwana," nikadakia. "Yuko huru, panda, tukupeleke wapi?"

"Sikukuuliza wewe, mama." Akapiga mluzi, wakatoka wengine watatu langoni. "Mshusheni. Huyu ni Mrusi."

"Mrusi wa wapi? Huyu ni Miitrei Hokkinen, mtu wa Suojärvi, muulize mtu yeyote hapa mtaani."

"Miitrei," akasema. "Ndiye Dmitri wa Kirusi huyo."

Walimvuta chini. Shati likafunguka, ukaonekana msalaba shingoni, ule wenye kijiti cha mshazari, wa kanisa la mashariki. Mmoja akaushika kwa vidole viwili akamwonyesha mwenzake. Nikaeleza kwamba nusu ya Wakarelia, yaani Wafini wa mashariki, wanauvaa, kwamba baba yake na babu yake waliuvaa na hawakujua Kirusi hata cha kuombea maji. Nilisema sana. Nilisema hadi povu. Miitrei yeye hakutamka hata neno moja, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, kwa sababu nilijua kwa nini. Aliogopa mdomo wake mwenyewe.

Wakamchukua, na farasi wakamchukua. Mimi nikafuata mbio na viatu vya nyumbani kwenye matope ya theluji inayoyeyuka.

Walimpeleka kwenye ua wa ghala moja karibu na kuta za zamani za mji. Langoni sikuzuiwa, askari wa zamu alidhani nimeletwa. Humo ndani walisimama wanaume wengi, wengi hasa, wa kila namna. Niliona fundi viatu wa mtaa wa pili. Nilimwona Feodor, muuza mikate ya mviringo, Mrusi kweli huyo, lakini Mrusi aliyezaliwa kwetu na ambaye vita yake yote ilikuwa na panya waliomlia unga. Alikuwa bado na aproni. Miitrei wakamsimamisha mbele yake. Upande wa nyuma kulikuwa na lango dogo linalotokea kwenye kuta. Mara kwa mara askari waliwatoa watu kadhaa kupitia hapo. Baadaye kidogo tulisikia milio, halafu askari wakarudi peke yao.

Nikajikaza kisabuni, nikatafuta nani mkubwa pale.

Kwenye ngazi za ghala alisimama luteni kijana, miwani, uso laini, ana glasi ya chai. Kabla ya vita alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alinieleza mwenyewe, tena bila kumuuliza. Nilimwambia habari yote kwa pumzi moja: kijiwe, makoti, vifungo, Hilma na uchungu wake. Alinisikiliza. Nilipofika kwenye neno lenyewe aliinua nyusi, akafurahi. Ndiyo, alifurahi, kama mtu aliyeokota kitu chake barabarani.

"Svoboden," akasema. "Na sisi, vapaa. Unajua, mama, kwamba ni neno moja?"

"Sijui, afande. Mimi nauza mikate ya nyama sokoni."

"Ni moja. Zamani, kabla hatujaandika chochote, watu wa upande ule walikuja kununua ngozi za wanyama kwetu, nasi tukaokota maneno yao. Hili walilitamka kwa sauti mbili ngumu mwanzoni, s na v pamoja. Ulimi wa Mfini hauwezi kuanza hivyo. Basi wazee wetu wakaiacha ile s. Ile b ya katikati ikawa p, ile d ikalainika hadi ikapotea. Svobod, vapada, vapaa." Alikunywa chai. "Tumepigana miezi mitatu nchi iwe huru, na hilo huru lenyewe tumeazima kwao. Hata neno msalaba. Hata neno kasisi. Hata jina tunalokiitia Kitabu Kitakatifu."

Nilimsikiliza kwa tamaa, sioni haya kusema. Nilifikiri, mtu anayejua haya yote hawezi kumuua mtu kwa ajili ya s moja. Moyo uliniinuka. Nyuma ya ghala milio ikasikika tena, na yule kijana akangoja iishe ndipo amalizie chai yake.

Yule mwenye koti alikuwa amefika. Alikuwa sajini, mtu wa Pohjanmaa huko magharibi, mkulima, mikono kama makoleo.

"Luteni anasema lile neno halina kosa," nikamwambia. Kiherehere changu.

"Sajini," luteni akasema, "tukianza kuua watu kwa maneno ya Kirusi itabidi tuanze na sisi."

Sajini hakucheka. "Neno la wazee wa zamani silijui. Mimi nimesikia mdomo wa leo. Mfini akiulizwa kwa Kifini anajibu kwa Kifini. Huyu hakujibu."

Luteni aliniangalia, akamwangalia sajini, akatazama chini kwenye glasi tupu. Nikaona anavyomwogopa. Alikuwa na cheo, lakini askari wote wa ule ua walikuwa watu wa kijiji cha sajini, na hakutaka ugomvi nao kwa ajili ya mtu wa kuendesha farasi.

"Basi muulize tena," akasema. "Swali lilelile, mara moja. Akijibu kwa Kifini aende. Tumalize."

Usidhani nilifurahi. Nilimjua mume wangu. Sajini alikuwa bado ndani ya lile koti, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

"Afande," nikasema, "muombe avue koti kwanza."

"Avue koti?" luteni akauliza.

"Nimekueleza. Anajibu koti. Akiliona tu..."

"Sivui nguo kwa ajili ya Mrusi," sajini akasema. "Na wewe mama, ukitoa sauti yoyote, hata ukikohoa, hana bahati tena. Umenielewa?"

Nilifunika mdomo kwa shali.

Walimtoa Miitrei kwenye safu, Feodor nyuma yake akabaki wa kwanza. Alikuwa amepungua. Nakwambia, kwa ile saa moja tu suruali ilikuwa imemlegea. Alinitafuta kwa macho, akaniona, nami nikajaribu kumwambia kwa macho yangu: sema vapaa, sema vapaa, usimwangalie huyu, niangalie mimi. Lakini sajini akaja akasimama katikati yetu. Sikuona tena uso wa mume wangu, niliona tu mgongo mpana wa kijivu na kofia ya Miitrei juu ya bega lake.

"Wewe vossikka," sajini akasema. "Onko vapaa?"

Wale wa kwenye safu waliacha kukohoa.

Nilisikia pumzi ikitoka kwenye meno. Sss. Ndogo sana, labda ni mimi peke yangu niliyeisikia, maana nimelala na mtu yule miaka kumi na mbili na pumzi zake nazijua. Ile s ilikuwa imeshafika. Nikafumba macho. Nikaanza kuomba, na ombi lenyewe likanichanganyikia, nikawa naomba tu asiumie.

Ile s ikakatika.

"Sikusikii," sajini akasema. "Uko huru?"

"Tyhjä," Miitrei akasema.

Sauti ilikuwa ya mtu aliyeamshwa usingizini. Tyhjä ni neno letu la kitu kitupu. Ndoo isiyo na maji ni tyhjä. Ghala baada ya baridi ndefu ni tyhjä. Mtu kusema kwamba yeye ni tyhjä, sijapata kumsikia mwingine.

"Umesema nini?"

"Mtupu," akasema tena, taratibu, kila herufi mahali pake. "Mimi mtupu. Sina mtu. Sina kitu."

Mabega ya sajini yakashuka. "Kwetu pia mkokoteni usio na mzigo tunausema hivyo," akasema, si kwa Miitrei wala kwa luteni, alijisemea tu. "Mrusi asingeweza kuitamka hiyo." Na ni kweli. Sauti ile ya katikati, ile y, ni mdomo unaochomoza kama unapuliza chai ya moto huku ulimi unataka kusema i, na anayejifunza ukubwani haipati maisha.

"Nenda," akasema. "Farasi anabaki."

Nilimkimbilia Miitrei nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, umelowa jasho. Hakuniangalia. Nikamvuta kuelekea lango la mbele, nikimwambia kwa kunong'ona twende, twende, usigeuke. Luteni alinipungia glasi yake kama tumeachana kwenye karamu. Nilimchukia wakati ule kuliko sajini, na ningali namchukia.

Hatujafika langoni nikasikia: "Anayefuata."

"Uko huru?" sajini alimuuliza Feodor. Sijui kwa nini alimuuliza. Labda lilikuwa limeshakuwa swali la kila mtu, labda alitaka kucheka kidogo baada ya kazi ya asubuhi ile.

Feodor alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya mume wangu. Alikuwa ameona jibu lililomtoa mtu pale.

"Tuhja," Feodor akasema.

Askari wakacheka.

"Tuhja," akasema tena, kwa haraka. "Tuhja, bwana. Mimi tuhja." Kifini chake cha kuuzia mikate kilikuwa kizuri tu, kila asubuhi alitupigia hodi nacho, lakini sauti ile haikuwa humo. Akajaribu na nyingine, "tihja," midomo inamtetemeka, anaibana, anaiachia, anaangalia nyuso zao aone kama amepatia.

Miitrei akasimama. Nilidhani amejikwaa. Kumbe alikuwa anageuka. Mume wangu, aliyeogopa mbwa, alikuwa anageuka kurudi ndani ya ule ua.

"Midomo mbele, Feodor," akasema. Hakusema kwa sauti kubwa. "Itoe mbele, kama unapuliza..."

Nilimziba mdomo kwa kiganja. Nilimshika shingo kwa mkono wa pili, nikamburuta. Alikuwa mtu mzito, sijui nguvu nilizitoa wapi. Alinisukuma, nikamng'ang'ania, akaning'ata kidole, sikumwachia. Nilimpitisha langoni namna hiyo, yule askari wa zamu anatuangalia akidhani tunagombana mambo ya nyumbani. Nyuma yetu Feodor alikuwa anaendelea, tuhja, tihja, tuhja, kama mtoto darasani, mpaka wakalifungua lango la nyuma na sauti yake ikahamia upande wa pili wa ukuta.

Miitrei aliishi miaka ishirini na moja baada ya siku ile, akapata farasi mwingine, akarudi kijiweni. Hakuniuliza hata mara moja kwa nini nilimburuta. Mimi ndiye niliyemwambia, mara nyingi, bila kuulizwa: ningekuburuta tena. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Halafu ningemwona, ameketi dirishani na chai yake imepoa, anachomoza midomo, anaivuta, anaichomoza tena, bila kutoa sauti, anamfundisha mtu.